Kliniki Haijui Bamvua

Tuanze kwa kusema hivi, tusije tukaambiwa sisi watu wa visiwani hatujui thamani ya hospitali: chanjo tunazitaka. Hakuna mama wa Juani anayehitaji kusomewa hotuba kuhusu surua. Tunajua mtoto anachanjwa akizaliwa, halafu wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne, halafu miezi tisa, halafu mwaka na nusu. Kadi ya kliniki tunaitunza kuliko kitambulisho cha taifa. Kinachotushinda ni kufika, na kabla ya kufika, kujua tufike wapi, siku gani, tumuone nani.

Kwa msiotujua, Juani iko kusini mashariki mwa kisiwa kikuu cha Mafia, ng'ambo ya Ghuba ya Chole. Anayetaka hospitali ya wilaya anapanda chombo mpaka Utende, kisha anatafuta bodaboda au gari mpaka Kilindoni, kilomita kama 15. Akipewa rufaa ya kwenda mbele zaidi, kuna kivuko cha MV Kilindoni mpaka Nyamisati, na kutoka hapo barabara ya Kibiti kuelekea Dar es Salaam. Kwenye ramani ya ofisini yote hayo ni kidole kimoja.

Lakini bahari hii ina utaratibu wake, na utaratibu huo unajulikana. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji ni bamvua: yanajaa alfajiri na yanajaa tena alasiri, na katikati ya asubuhi, saa nne au saa tano, yamepwa mpaka ghuba inabaki mwani, matope na michanga. Maji mafu ni kinyume chake. Hayapwi sana, na asubuhi ya saa za kazi chombo kinaelea vizuri. Mtoto wa darasa la tatu hapa kwetu anakupigia hesabu hiyo kwa vidole. Baba zake wanaishi kwayo.

Sasa njoo kwenye tarehe za huduma. Siku ya kupima watoto, siku ya huduma mkoba, siku ya somo la lishe, zote zinapangwa kwa kalenda ya ukutani. "Jumatano ya pili ya mwezi." Jumatano ya pili ikiangukia bamvua, saa ile mizani inapotundikwa ndiyo saa maji hayapo. Anayetoka huku kwenda kliniki ya ng'ambo anashuka mbali, kanga imekunjwa magotini, mtoto mgongoni, mwingine kashikwa mkono, na kadi iko ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa kwenye kilemba ili isilowe. Akifika saa saba anakuta mizani imeteremshwa na zile suruali za kupimia watoto zimekunjwa mezani. "Mama, mbona mnapenda kuchelewa?" Hajajibu, anaulizwa tena: "Na baba wa mtoto yuko wapi? Si tulisema mje wawili?" Baba yuko dago, dada yangu. Anavua. Arudi kutoka dago aje kushika kadi?

Na wahudumu wakija kwetu ni yale yale. Wanafika na maji, wanaangalia saa, nahodha anawapigia kelele kwamba chombo kitakaa, wanafunga maboksi. Hatuwalaumu kwa kuogopa kulala. Tunamlaumu aliyepanga siku.

Tunaambiwa huduma ni bure. Kwa Sera ya Afya, mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano hawalipi. Vizuri sana, ila sera hiyo inaanzia mlangoni, na sisi gharama yetu inaishia mlangoni. Nauli ya chombo haina msamaha. Bodaboda ya Utende haina msamaha. Bima nazo tumezisikia. Ile ya jamii, CHF iliyoboreshwa, ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, nasi tulikaa tukahesabu ni nani Mafia mwenye kaya ya watu sita, maana ukiweka bibi na watoto wa dada aliyeko Mbagala tayari umeshavuka. Toto Afya Kadi ilikuwa 50,400 kwa mtoto mmoja. Wakati wengine wanadunduliza fedha hizo, mwaka 2023 wakasikia mzazi haandikishi tena mwanawe mmoja mmoja, watoto waandikishwe kwa pamoja shuleni. Na mtoto wa miezi minane anasoma shule gani? Baadaye ikatangazwa kwamba imerudi. Habari ya kusimamishwa ilitufikia upesi. Ya kurudi ilikuja kwa uvumi wa barazani.

Kuna namba 115 ya m-mama, ya dharura ya wajawazito na watoto wachanga. Rais aliizindua kitaifa mwaka 2022, na kazi yake ni kutafuta gari la wagonjwa, au dereva wa jamii pale gari lisipokuwepo. Mpango mzuri, tena umeokoa watu. Swali letu ni moja na tumeliuliza mikutanoni bila kuchoka: kipande cha kutoka Juani mpaka Utende, usiku, kusi linavuma, ni cha nani? Gari litafika mwisho wa lami lisimame. Nahodha anayeamshwa saa nane za usiku naye ni dereva. Aandikwe kama madereva wengine, na alipwe kama wao.

Upande wa malezi ndiko tunakozungushwa zaidi. Desemba 2021 serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, kwa watoto wa kuanzia sifuri mpaka miaka minane. Tumeiona kwenye fulana. Sasa chukua jambo la kawaida: mtoto ana miaka mitatu hasemi, au mguu mmoja hauna nguvu. Unaanza wapi? Mwenyekiti wa kijiji anakupeleka kwa mtendaji. Mtendaji anakwambia hilo la ustawi wa jamii. Unavuka. Ustawi wanakwambia mtoto apimwe kwanza. Wa kupima anakwambia hilo lingeanzia maendeleo ya jamii, na wa maendeleo ya jamii yuko semina. Semina ya nini? Ya malezi. Kweli, namba 116 ya simu kwa mtoto ipo na haina malipo, lakini ukishasikilizwa bado utaambiwa mtu wa kumuona, na mtu huyo yuko ng'ambo.

Ndipo wakubwa wanaposema tumeacha mila, kwamba zamani mzazi alikuwa na bibi, somo na kungwi, akakaa arobaini yake anakandwa na kufundishwa. Ni kweli, na bibi zetu tunawashukuru. Lakini bibi huyo huyo atakwambia degedege si ugonjwa wa sindano, mtoto afukizwe, na malaria haisubiri moshi umalizike. Bibi anahitaji mtu wa afya wa kukaa naye jirani, si mgeni wa kumkaripia mara moja kwa mwaka. Januari 2024 ulizinduliwa mpango wa wahudumu wa afya ya jamii 137,294 nchi nzima, ndani ya miaka mitano. Tunaomba kuonyeshwa wa kwetu, kwa jina na kwa nyumba.

Tena si kwamba kisiwa hiki hakiwezi kupangiwa mambo yakaenda. Wageni wanaoletwa kuona magofu ya Kua hapa Juani hupangiwa safari kwa maji, na hakuna kampuni inayowaacha wazungu wamekwama kwenye tope saa tano asubuhi. Kasa wanaotaga ufukwe wa mashariki wana walinzi wa kuandika kiota kimetagwa lini na kitaanguliwa lini, na siku ya kuanguliwa watazamaji wanafika kwa wakati. Hatuwaonei wivu kasa. Ila mwanamke akiwa na mimba tarehe yake nayo inajulikana, imeandikwa kwenye kadi.

Kwa hiyo wewe mwenye kalamu ya kupanga siku za kliniki, ukiwa Kilindoni au popote: kalenda ya mwaka ujao kabla hujaipiga muhuri, mwite nahodha mmoja wa Juani na mmoja wa kisiwa jirani cha Jibondo, wakusomee maji. Siku za watoto ziwekwe kwenye maji mafu. Halafu ibandikwe pwani, msikitini na dukani, pamoja na jina na simu ya afisa atakayekuwepo siku hiyo. Karatasi moja tu. Gundi tutanunua wenyewe.