Hilo "au" lina mwenyewe



Wako wanaodhani lugha ya wanadiplomasia ni mapambo tu: watu wanasaini, wanapeana mikono, wanapigwa picha, basi. Mimi nakataa. Maneno yale ndiyo kufuli lenyewe.

Chukua Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1945. Kifungu cha 76 kinasema nchi zilizo chini ya udhamini zitaelekezwa kwenye kujitawala AU uhuru, kadiri itakavyofaa. Jamani, hilo "au" halikudondoka pale kwa bahati mbaya. Unaweza kuambiwa unajitawala, una baraza lako, huku jeshi na mambo ya nje yakibaki kwa bwana mkubwa. Na nani anapima "kinachofaa"? Yule yule aliyekalia kiti! Majirani zetu wa Kenya, Uganda na Zanzibar waliangukia kifungu cha 73, ambacho neno uhuru halimo kabisa.

Makubaliano ya kuiweka Tanganyika chini ya udhamini wa Uingereza yalipitishwa Desemba 1946, New York. Hapa Busi hakuna aliyepiga kura.

Mwaka 1954 ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulikuja, ukaona Tanganyika inaweza kujitegemea ndani ya miaka 20 hadi 25. Uingereza ikaja juu. Neno halikuwa tatizo, tatizo lilikuwa tarehe. Machi 1955 Nyerere akasimama mbele ya Baraza la Udhamini kuunga mkono ratiba. Uhuru ukaja 9 Desemba 1961, miaka 7 tu baada ya ujumbe ule. Sasa ile hadithi ya "hawajawa tayari" ilikuwa na maana gani?

Mtaniambia maneno yenye utata huzuia damu isimwagike, kwamba bila hayo hakuna atakayekaa mezani. Sawa, twendeni Sahara Magharibi. Mwaka 1991 bunduki zilinyamaza kwa ahadi ya kura ya maoni. Kura hiyo haijapigwa hadi leo. Badala yake ikaja "suluhisho linalokubalika na pande zote", maneno matamu yanayoipa Moroko nafasi ya kukataa milele. Oktoba 2025 Baraza la Usalama likaufanya mpango wa Moroko wa mamlaka ya ndani kuwa msingi wa mazungumzo. Ni lile lile "au" la 1945, limerudi na suti mpya. Na sisi tuliitambua jamhuri ya Wasahrawi tangu 1978!

Waandishi wenzangu, taarifa ya pamoja ikitua mezani msikimbilie kuandika "mazungumzo yamefanikiwa". Tafuteni vitu vitatu: neno uhuru, tarehe, na jina la mwenye kuamua. Visipokuwemo, hiyo ndiyo habari. Iandikeni.

Nawasilisha.