Sista, usiulize sukari na presha peke yake

Wadau, hii imenikaa rohoni tangu nikiwa mwanafunzi wa uuguzi.

Kuna mgonjwa alilazwa kwa wodi yetu, miaka arobaini na kitu. Mikono haitulii, mabega yanaruka, akitembea anayumba. Nikajaza fomu: kwenu kuna sukari? Presha? Pumu? Hapana, hapana, hapana. Nikaandika historia ya familia haina kitu, nikaenda chai.

Siku ya tatu dadake akaja na uji. Akamwangalia tu, akasema, "Amekuwa kama baba." Baba yao alifutwa kazi akiitwa mlevi, na pombe hakuwa anaonja. Shangazi naye walisema amerogwa. Hao wote walikuwa ndani ya ile "hapana" yangu.

Daktari akashuku ugonjwa wa Huntington. Mzazi akiwa nao, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi, awe msichana au mvulana. Dalili mara nyingi huanza kati ya miaka 30 na 50, wakati mtu ashazaa. George Huntington, daktari Mmarekani aliyeueleza mwaka 1872, alikuwa kijana wa miaka 22 tu. Aliuonaje? Babake na babu yake walikuwa madaktari hukohuko Long Island, wakitibu familia zilezile kizazi baada ya kizazi.

Kwa hivyo mimi naona ile fomu inatudanganya. Mgonjwa hajui jina la ugonjwa, anajua hadithi. Muulize: nani kwenu aliyumba bila pombe? Nani alibadilika tabia ukubwani? Nani walisema amerogwa? Chora ukoo kwa kalamu, vizazi vitatu. Najua, uko peke yako zamu ya usiku na wodi imejaa. Basi uliza kesho wakati wa kuona wagonjwa, ndugu wakiwepo.

Kuna watakaosema, si hauna tiba? Ni kweli, hauna. Lakini huyu mtu anaweza kusakamwa na chakula, anaweza kuanguka, na muuguzi anayejua atamlisha na kumshika tofauti. Na ataacha kuitwa mlevi, jameni.

Yule dada alipokuwa anafunga chupa ya uji aliniuliza polepole, "Sista, na mimi je?" Sikuwa na jibu. Nilimtafutia kiti, nikaenda kumwita daktari.