Simbilisi wa Mtoto Asiliwe na Wageni

KANDO YA MTO SONGWE
Na Ambonisye Kibona

Karibu kila aliyekulia Ileje aliwahi kuwa na kuku wake. Aliambiwa "huyu ni wako" tangu kifaranga, akampa jina, akamfukuzia mwewe, akafurahia yai la kwanza. Kisha shemeji akavuka mpaka kutoka Chitipa bila taarifa, na kuku aliyekamatwa akawa yuleyule wa mtoto, kwa sababu ndiye pekee asiyekimbia watu. Firigisi akapewa mgeni. Mwenye kuku akapewa shingo na onyo la kutolia mezani.

Nasema haya kwa sababu mama mmoja wa hapa Itumba ameniuliza amtafutie mwanawe wa miaka minne mnyama gani mdogo wa kufuga. Mtoto ameona kwenye katuni kijipanya kinene chenye manyoya, kinachoishi ndani ya kitundu na kukimbia juu ya gurudumu, naye hataki kusikia lingine. Hapa Itumba sijaona duka linalouza kiumbe hicho. Hata ukipanda gari kwa lami ya Mpemba hadi Tunduma, mji ambao watu hujisifu kuwa kisichopatikana pale basi hakijatengenezwa, nina shaka utarudi na vitenge tu.

Jibu langu analo mwenyewe karibu, pengine jikoni kwa jirani. Lakini kabla ya mnyama kuna swali la mzazi: ukimwambia mtoto "huyu ni wako", unamaanisha? Kama humaanishi, mnunulie mpira.

Nianze na mbwa, maana ndiye anayeombwa sana na ndiye anayenitia wasiwasi. Mtoto wa mbwa ni mzuri kweli, ana tumbo la mviringo na anamfuata mtoto hadi mlango wa chekechea. Miezi minane baadaye ni mlinzi mwenye meno, analala nje, anagombana na mbwa wa mtaa mzima usiku, na kadi yake ya chanjo haijulikani ilipo, kama iliwahi kuwepo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na takriban wanne katika kila kumi ni watoto wasiofikisha miaka 15. Sababu ni rahisi kuiona. Kichwa cha mtoto wa miaka minne kiko usawa wa mdomo wa mbwa, kwa hiyo huumwa usoni na shingoni, ambako virusi havina safari ndefu kufika kwenye ubongo. Tena mtoto huficha. Aliambiwa asimchokoze mbwa, amemchokoza, amekwaruzwa. Akisema atachapwa, basi ananyamaza. Ugonjwa ukishaonyesha dalili, tiba ya kumwokoa hakuna.

Kwa hiyo mwenye mbwa nyumbani, awe wa mtoto au wa baba, ahakikishe anachanjwa kila mwaka. Ofisa mifugo wa kata ndiye wa kumuuliza. Na mtoto akiumwa au akikwaruzwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha kituo cha afya siku hiyohiyo. Si pilipili, si mafuta ya taa. Sindano ya baada ya kuumwa ipo tangu mwaka 1885, Louis Pasteur alipomchanja mvulana wa miaka 9, Joseph Meister, huko Paris, na mvulana yule akaishi hadi utu uzima. Leo, miaka zaidi ya 130 baadaye, watoto wetu wanakufa kwa kucheleweshwa. Mtoto akifika darasa la tatu au la nne, anayejua kusoma sura ya mbwa na kusimama tuli anapoogopa, mpeni huyo mbwa. Wa miaka minne bado.

Paka sina neno naye. Atakamata panya na atamkwaruza mtoto, yote kwa wakati wake, na hatakubali kuwa wa mtu yeyote.

Kifaranga ndicho kinachopatikana bure, na ndiyo maana tunakitoa ovyo. Mtoto mdogo hukipenda kwa mkono mzima. Asubuhi kinapiga kelele, mchana kimebanwa shingo. Kikinusurika mkono wake, kideri kinasubiri, na kikiingia kwenye banda lisilochanjwa kinaweza kulimaliza ndani ya siku chache. Chanjo ya kideri ni ya tone la jicho na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Familia nyingi hukumbuka baada ya msiba. Zaidi ya hayo, kuku hubeba vijidudu vya salmonela kwenye kinyesi na manyoya hata akiwa mzima. Kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, hushauri watoto wa chini ya miaka 5 wasishikeshike kuku, vifaranga wala bata. Ushauri huo kwenye kijiji ambako kuku analala chini ya kitanda ni mgumu kuufuata, najua. Lakini kunawa mikono kwa sabuni baada ya kumshika na kutombusu mdomoni kunawezekana hata Ileje.

Wanyama wa porini niwapitie upesi. Mara nyingine mtu hutokea na mtoto wa ngedere ambaye mama yake ameuawa mahindini, au kobe aliyeokotwa shambani, akidhani amemletea mtoto zawadi. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu kumfuga bila kibali. Hata bila sheria, ngedere akikomaa huuma, tena huuma kwa makusudi. Kobe haumi, lakini Marekani ilipiga marufuku tangu mwaka 1975 kuuza kobe wadogo ambao gamba lao halijafika sentimita 10, kwa sababu watoto walikuwa wakiwatia mdomoni na kuugua. Mrudishe alikotoka.

Sungura wengi wangemtaja kwanza. Ana sura ya hadithi. Hata hivyo hapendi kunyanyuliwa. Mtoto akimbeba vibaya, sungura hurusha miguu ya nyuma kwa nguvu kiasi cha kuweza kuvunja uti wake mwenyewe wa mgongo, na kucha zake zitakuwa zimeshachora mkono wa mtoto. Ni mnyama wa mtoto wa miaka 10.

Anabaki simbilisi, na hapa nataka kukaa.

Nyanda za Juu Kusini tunamfahamu. Yumo jikoni, pembeni ya mafiga, anapiga mluzi akisikia mtu anaingia na majani. Kwa kuwa tunamfahamu hivyo, hatumheshimu. Mama yule nilipomtajia simbilisi alicheka, akasema, "Huyo si mboga?" Ni mboga, ndiyo, hapa kwetu na kwao pia. Kwao ni milima ya Andes, huko Peru, Bolivia na Ecuador, ambako watu walimfuga maelfu ya miaka kabla Mhispania hajafika, na hadi leo wanamchoma kwa sherehe. Mabaharia walimpeleka Ulaya, na huko akapandishwa cheo akawa kipenzi cha watoto wa matajiri. Mnyama ni mmoja. Asili yake ya milimani ndiyo inayomfanya aipende hali ya hewa yetu. Joto la Kyela lingemsumbua, lakini ubaridi wa Bundali anauweza akipewa majani makavu ya kujifukia.

Sababu inayonifanya nimpendekeze kwa mtoto mdogo ni tabia. Simbilisi huuma kwa nadra. Harukaruki, hapandi ukuta. Kizingiti cha mbao kinachofika magotini kwa mtu mzima kinatosha kumzuia. Ana uzito wa nusu kilo hadi kilo moja, kiasi kinachojaa mapajani kwa mtoto bila kumzidi. Anaamka mchana, saa ambazo mtoto naye yuko macho. Na anajibu. Ukimpelekea majani saa ileile kila siku, baada ya wiki chache atakuwa anapiga mluzi akisikia nyayo zako tu, na sijui kitu kingine kinachomfanya mtoto wa miaka minne ajione mtu muhimu kiasi hicho.

Kuna mambo ya kumlinda nayo. Mtoto aketi chini, sakafuni, ndipo awekewe mnyama mapajani, kwa sababu simbilisi akidondoka kutoka kifuani kwa mtu huvunjika mifupa. Mwili wake, kama wetu, hauwezi kutengeneza vitamini C, kwa hiyo pumba pekee itamuua polepole. Lazima apate majani mabichi kila siku, na matembele, kabichi na nyasi za kawaida anazifurahia. Majani ya viazi mviringo na ya nyanya asipewe, yana sumu. Parachichi pia asipewe. Majani ya mahindi ni mazuri, ila tangu viwavijeshi vamizi waingie nchini, yapata mwaka 2017, mashamba mengi yanapigwa dawa. Muulize mwenye shamba kabla mtoto hajachuma. Akiugua, usimpe penisilini iliyobaki ya binadamu au ya ng'ombe, maana dawa hiyo huua vijidudu vyema vya tumboni mwake na yeye hufuata. Akinyonyoka manyoya mabaka mabaka, mtoto asimkumbatie hadi apone, kwani huenda ni ukungu unaoleta mapunye. Na banda lisiwe njia ya siafu. Siafu wakipita usiku, asubuhi hakuna cha kueleza.

Sasa jinsia, ambapo familia nyingi hujikwaa. Ukinunua dume na jike ili "wasiwe wapweke", mwaka hautaisha kabla hujaanza kugawa simbilisi kwa majirani. Jike hubeba mimba kwa siku zipatazo 68, huzaa wawili hadi wanne, na saa chache baada ya kuzaa anaweza kupandwa tena. Watoto wake huzaliwa wana manyoya, macho wazi, meno tayari, na siku chache tu wanatafuna majani. Majike kati yao nao hupevuka wakiwa na umri wa mwezi mmoja na nusu hivi au hata kabla. Nunua majike wawili, na mwombe anayekuuzia awageuze uone kwa macho yako. Mmoja peke yake usinunue. Huyu ni mnyama wa kundi na mpweke hudhoofika.

Nani atawatunza? Wewe mzazi. Mtoto wa miaka minne hawezi kuwa mfugaji. Ni msaidizi wa mfugaji. Ataleta kiganja cha nyasi asubuhi na jioni, atajaza maji na kumwaga nusu yake njiani. Kusafisha banda, kuangalia kama mnyama anakula, kukumbuka siku ya mvua ambayo hakuna anayetaka kutoka, hiyo ni kazi ya mtu mzima kwa miaka mitano au zaidi, maana simbilisi akitunzwa vizuri hufika huko. Wapo watakaosema tunalea watoto wa kizungu. Mimi nimeona mtoto wa miaka 7 akirudisha mbuzi nyumbani peke yake jioni kwenye miteremko ya Bundali, bila kizungu chochote. Alianzia kwenye kitu kidogo, na kuna mtu alimwangalia.

Narudi kwenye mboga, kwa kuwa swali la yule mama halikuwa la mzaha. Nyumba inaweza kufuga simbilisi wa kula na simbilisi wa mtoto kwa wakati mmoja? Naona inaweza, ilimradi mpaka uchorwe mapema na mtoto aujue. Wa mtoto awe na rangi yake na jina lake, alale kwenye banda lake. Wale wengine ni kitoweo, na mtoto aambiwe hivyo waziwazi. Watoto wetu wanaona kuku akichinjwa kabla hawajajua kuhesabu na hawafadhaiki kama tunavyodhani. Kinachowaumiza ni kauli ya mzazi kugeuka. Wageni wakifika na kitoweo hakipo, pika maharage. Ileje tuna maharage mazuri, na hakuna shemeji aliyewahi kufa kwa kuyala. Na mnyama akifa kwa ugonjwa usimwambie mtoto kwamba amekimbilia porini. Atakwenda kumtafuta.

Faida ya mnyama wa bei ndogo ndiyo hii: unaweza kumtoa kweli. Ng'ombe wa mtoto ni wa baba, hata watoto wanalijua hilo. Huko Kivu, mashariki mwa Kongo, simbilisi walienea sana katika miaka ya vita, kwa kuwa aliyeporwa ng'ombe aliweza bado kumficha huyu na kukimbia naye. Na watafiti waliopita vijijini huko waliwakuta watoto wakiwamiliki kabisa, wengine wakiuza wachache kupata vifaa vya shule. Mwanao naye akifika umri wa shule, akaamua mwenyewe kuuza wawili anunue madaftari, wauzwe, na hela umpe yote mkononi. Usimkate ya chakula, maana majani alikata yeye.