Hesabu Isiyomsahau Mbwa

BARAZANI
Na Bin Makame

Alfajiri ya Jumatano iliyopita, umande ungali mzito juu ya majani ya michungwa, baba yangu, mzee ambaye umri umekwisha kumpinda mgongo, alishika jembe akachimba shimo pembeni mwa shamba letu kule Muheza, wala hakukubali kupokewa na mtu, akamzika mbwa aliyeishi nasi miaka 13. Jirani aliyekuwa akipita njia na mzigo wake wa kuni alisimama, akauliza kwa mshangao, "Maalim, hata mbwa huzikwa?" Baba akaegemea mpini, akamjibu, "Amenilindia mahindi yangu na nguruwe umri wake wote. Nami nishindwe kumlindia mwili wake na kunguru?" Jirani hakusema neno, alitua kuni zake, akasaidia kufukia.

Mbwa huyo aliitwa Hayawi. Alipoletwa kwetu alikuwa kitoto kilichokondeana, na kila aliyekiona alisema hakitamaliza mwezi. Naye mama, aliyekuwa akikinywesha uji mwepesi kwa kifuu, akawajibu kwa maneno ya wahenga kwamba hayawi hayawi huwa, na jina likaganda. Kweli akawa. Nyakati za mahindi, tulipokuwa tukilala dunguni, tulizisoma sauti zake kama watu wasomavyo barua: mbweko mmoja mkavu ulikuwa wa mtu apitaye njia, na mbweko wa mfululizo ulioelekea bondeni ulikuwa wa nguruwe mwitu, nasi tuliamka au tukaendelea kulala kwa kadiri alivyotuarifu.

Walakini pasidhaniwe kwamba nyumba yetu ilikuwa ikiichezea sheria. Madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani hii, yanayahesabu mate ya mbwa kuwa najisi nzito, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja katika hizo kwa udongo. Hayawi alikuwa na chombo chake mbali na vyombo vya watu, na hakuvuka kizingiti. Siku aliporamba sufuria iliyosahauliwa uani, mama aliichukua akaiosha mara zote saba bila kupunguza hata moja, lakini mbwa hakumpiga. Siku ile nilifahamu jambo ambalo aghalabu twalichanganya, ya kwamba tohara ni kitu kimoja na chuki ni kitu kingine, na kwamba dini iliyotuamuru kuosha chombo ndiyo hiyo hiyo iliyoruhusu mbwa wa kuwinda, wa kuchunga mifugo na wa kulinda mazao.

Kila Ijumaa baba husoma Sura ya Al-Kahf, na tangu utoto nimeisikia habari ya vijana wale walioikimbia dhuluma wakalazwa pangoni miaka mingi, na mbwa wao amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini. Watu walihitilafiana katika idadi yao: wako waliosema watatu, wako waliosema watano, wako waliosema saba, lakini katika kila hesabu iliyotajwa, mbwa wao naye alihesabiwa. Kadhalika imepokewa katika Hadithi habari ya mtu aliyeshuka kisimani kwa kiu, na alipopanda akamwona mbwa akiramba tope kwa kiu ile ile. Akashuka tena, akajaza maji kiatuni, akapanda amekiuma kwa meno, akamnywesha, naye kwa amali hiyo moja akasamehewa dhambi zake. Mwenye kuyajua haya, akiisha kumwona mtoto akimpopoa kwa mawe mbwa asiye na kosa, anyamaze kwa udhuru gani?

Basi sioni haya kusema kwamba nyumba yetu ina huzuni. Lakini huzuni isiyozaa wajibu ni machozi yaliyomwagika mchangani, na wajibu huo nauona ndani ya sanduku la mbao alimowekea baba hati ya shamba. Humo mna kadi 13 za chanjo, kwa maana kila mwaka alimfunga Hayawi kamba akamwongoza kwa miguu hadi kwa bwana mifugo. Tangu tarehe 6 Julai 1885, Louis Pasteur alipoanza kumtibu kwa chanjo mjini Paris mtoto Joseph Meister wa miaka 9, aliyekuwa ameumwa na mbwa mwenye kichaa, tunajua kwamba maradhi haya yanazuilika. Hata hivyo inakadiriwa kwamba watu 59,000 hufa kwayo kila mwaka duniani, wengi mno katika Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Dalili zikiisha kudhihiri kwa mgonjwa, ni nadra mno kupona. Lakini wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, maradhi hukatika njia. Kuwaua ovyo mabarabarani hakukati njia hiyo, maana huondolewa waliochanjwa pamoja na wasiochanjwa, na nafasi zao hushikwa na wageni.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ikiwa una mbwa uani, mpeleke akachanjwe kila mwaka bila kukosa, na mpe maji na kivuli kama umpavyo kazi. Ukiumwa na mbwa, osha jeraha mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha enda hospitali siku hiyo hiyo, usingojee kuona. Na ikiwa huna mbwa, mzuie mwanao asimrushie jiwe wa mwenzio. Baba amekwisha kuagiza kitoto kingine cha mbwa, na kamba ya Hayawi ingali imetundikwa ukumbini.