Kabla ya kulipia chuo, kaa chini upige hesabu



Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, mazungumzo ya nyumbani hubadilika. Jana kijana alikuwa anatumwa dukani. Leo anaulizwa atasomea nini. Simu zinapigwa kwa mjomba aliye Dodoma na shangazi aliye Mwanza. Maombi yanatumwa, ujumbe unaingia kwamba amechaguliwa, na nyumba nzima inashangilia. Mara nyingi chuo chenyewe ni cha binafsi, kwa sababu nafasi za kozi anayoitaka katika vyuo vya umma zimejaa. Hapo linakuja swali ambalo wengi hulikwepa: tutalipaje, na tunalipia nini hasa?

Sisi mapadre hukutana na swali hilo likiwa limechelewa. Mama anafika ofisini kwa paroko akiwa na barua ya chuo. Kijana wake yuko mwaka wa pili, mitihani inaanza Jumatatu, na asiyemaliza ada haingii chumba cha mtihani. Shamba liliuzwa mwaka wa kwanza. Anaomba tangazo la mchango baada ya Komunyo. Tunatangaza, waamini wanatoa walichonacho, lakini kiasi hakifiki. Mama huyu si mzembe. Anampenda mwanawe na amejinyima kwa ajili yake. Kilichokosekana ni kikao kimoja cha mapema, chenye karatasi na kalamu.

Yesu alikifahamu kikao cha namna hiyo. Katika Injili ya Luka, sura ya 14, anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara. Asipokaa kwanza kuona kama fedha zake zitamfikisha mwisho, ataweka msingi na kuishia hapo, na wapita njia watamcheka. Ni kweli, Bwana alikuwa anazungumzia gharama ya kumfuata, wala si ada ya chuo. Lakini alichagua mfano ambao kila msikilizaji wake aliuelewa. Tena tuangalie vizuri: hamkatazi mtu huyo kujenga. Anamtaka akae chini kwanza.

Basi tukae. Tuchukue mfano tu, kila familia iweke tarakimu zake. Tuseme ada ni Sh1.5 milioni kwa mwaka. Wazazi wengi huishia hapo, wanasema, "Tutajikongoja." Lakini kijana atalala wapi? Chumba cha Sh50,000 kwa mwezi, kwa miezi kumi, ni Sh500,000, na wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Atakula nini? Sh5,000 kwa siku, kwa siku 300, ni Sh1.5 milioni. Ongeza nauli, vitabu, bima ya afya, michango ya chuo na mafunzo kwa vitendo, tuseme Sh500,000 nyingine. Jumla ni Sh4 milioni kwa mwaka, na Sh12 milioni kwa shahada ya miaka mitatu. Ada tuliyoiogopa ni Sh4.5 milioni tu kati ya hizo. Uhandisi ni miaka minne. Udaktari wa binadamu ni mitano, kisha mwaka wa utarajali.

Utaniambia, "Padre, atapata mkopo." Mungu amjalie. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hukopesha pia wanaosoma vyuo binafsi. Lakini kuomba si kupata, na kupata si kupata vyote. Mwingine hupangiwa fedha za chakula na malazi, lile wanaloliita bumu, huku ada akipewa sehemu tu. Isitoshe, mkopo hulipwa. Akiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi itakatwa kila mwezi mpaka deni liishe. Kwa hiyo kikao cha familia kipige hesabu mbili: ya mkopo ukipatikana, na ya mkopo ukikosekana. Kama hesabu ya pili haina jibu kabisa, ni afadhali kujua leo kuliko kujua mlangoni mwa chumba cha mtihani.

Baada ya hesabu ya mfuko wetu, tukihesabu na chuo chenyewe. Nilipokuwa seminari ndogo, nchi nzima ilikuwa na vyuo vikuu viwili, Dar es Salaam na Sokoine, na vyote vilikuwa vya serikali. Hakukuwa na cha kuchagua sana. Leo viko vingi, na wingi huo ni baraka. Lakini penye vingi lazima tujue kutofautisha. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, hutoa kila mwaka mwongozo wa udahili unaotaja vyuo, kozi na sifa za kuingia. Unapatikana bure katika tovuti yake. Usiangalie jina la chuo peke yake. Angalia kama kozi ile ile anayoitaka mwanao imo, na kama ni katika kampasi ile ile atakayokwenda.

Kisha uliza kama bodi ya taaluma inaitambua. Muuguzi atahitaji Baraza la Uuguzi na Ukunga, mhandisi atahitaji Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Anayesomea sheria ajue mapema kwamba shahada peke yake haimfanyi kuwa wakili. Mbele kuna Shule ya Sheria, nayo ina ada yake. Na ukitaka kujua nani anafundisha, usimuulize anayesambaza vipeperushi stendi. Mtafute mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Muulize wahadhiri wa kudumu wako wangapi, vipindi vinafanyika au vinaahirishwa, maabara ina vifaa au ina meza tu. Chuo binafsi huendeshwa kwa sehemu kubwa na ada. Wanafunzi wakipungua, mishahara inachelewa. Mishahara ikichelewa, walimu wazuri wanaondoka, na anayebaki kuumia ni mwanao.

Hapa niseme neno juu ya vyuo vyetu wenyewe. Kanisa limefanya kazi kubwa. Mwaka 1960 Askofu Joseph Blomjous wa Mwanza alianzisha chuo cha mafunzo ya jamii pale Nyegezi, na mwaka 1998 kikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Waliosoma huko wanatumikia taifa, nasi tunajivunia. Lakini jina la mtakatifu getini si ithibati. Mwaka 2017 TCU ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na miongoni mwake vilikuwamo vya makanisa, vya Kanisa letu pia. Wako wazazi wanaoona haya kumhoji mkuu wa chuo kwa sababu ni padre au sista. Ndugu zangu, hojini. Kuuliza juu ya walimu na maabara si kukosa adabu kwa Kanisa. Chuo cha Kanisa kinapaswa kuwa cha kwanza kujibu bila kukasirika, kwa sababu fedha kinayopokea ni jasho la maskini.

Huyo Augustino mwenyewe aliyajua mambo ya ada. Katika Maungamo yake anasimulia kwamba alipokuwa na miaka 16 alirudishwa nyumbani Thagaste, mji ulio katika Algeria ya leo, masomo yakasimama mwaka mzima. Baba yake, Patricius, hakuwa tajiri, na alikuwa anatafuta fedha za kumpeleka Carthage. Mwaka huo wa kukaa bure ndio alioiba mapeari na vijana wenzake. Watu walimsifu Patricius kwa kujitoa kupita uwezo wake. Augustino anakubali sifa hiyo, lakini anaeleza kwa uchungu kwamba baba yake alijali mwanawe awe msemaji hodari, akasahau kujali anakuwa mtu wa namna gani.

Wazazi wengi tulio nao ni akina Patricius. Wanauza ng'ombe, wanakopa kwenye vikoba, wanavaa viatu vile vile miaka mitatu. Hakuna wa kuwadharau. Lakini katika mahangaiko hayo kuna mtu mmoja anayesahaulika, naye ni mwanafunzi mwenyewe. Je, kozi hii anaitaka, au ni ndoto ya baba iliyokwama mwaka 1995? Je, anaiweza? Katika mfano wa talanta, Mathayo 25, bwana aliwapa watumishi wake kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake. Hakumpa kila mtu talanta tano ili majirani wasiseme. Wapo vijana wanaosukumwa kwenye shahada kwa sababu tu wazazi wanaona aibu kusema, "Mwanangu anasoma stashahada." Wengine wanaishia kudisko mwaka wa kwanza, na fedha imekwenda. Stashahada ya uuguzi au ya maabara katika chuo cha kati kizuri, au ufundi wa VETA, si adhabu. Mtume Paulo alikuwa na elimu kubwa, na bado alishona mahema kwa mikono yake. Tena aliyemaliza stashahada vizuri anaweza kuendelea na shahada baadaye, pengine akiwa na mshahara wake mwenyewe.

Kwa hiyo kijana akae kwenye kikao hicho. Asiitwe mwishoni kuambiwa uamuzi. Aione karatasi, ajue shamba lina thamani gani, ajue wadogo zake wanaosubiri ni wangapi. Kijana aliyeonyeshwa hesabu kwa heshima hatazami bumu kama fedha ya kununulia simu mpya.

Na sisi wa parokia tuna sehemu yetu. Kwa harusi tunaunda kamati miezi sita kabla, na kadi za mchango zinasambazwa na kufuatiliwa kwa simu. Kwa ada tunasubiri mpaka mama alie ofisini. Kwa nini tusigeuze? Kila parokia ina walimu, wahasibu, wauguzi na vijana waliomaliza chuo juzi. Dominika moja tu, baada ya Misa ya pili, wakae ukumbini na familia zenye wahitimu wa kidato cha sita. Wafungue mwongozo wa TCU pamoja, wapige hesabu pamoja, wawasaidie kujaza fomu za mkopo bila makosa. Jumuiya Ndogo Ndogo ikijua mapema kwamba nyumba fulani itapungukiwa Sh400,000 kwa mwaka, inaweza kujipanga kidogo kidogo. Ikijua siku tatu kabla ya mtihani, inabaki kusikitika tu.

Najua wapo watakaokaa, wahesabu, na kugundua kwamba mwaka huu haiwezekani. Hilo linauma, hasa mtoto akiwa amefaulu. Lakini kusubiri mwaka mmoja kwa mpango, akifanya kazi au akisoma ufundi, si kushindwa. Kinachoumiza zaidi ni kurudi nyumbani mwaka wa pili bila cheti na bila shamba.

Basi, ndugu msomaji, kama nyumbani kwako kuna kijana anayesubiri chuo, leo baada ya chakula zimeni televisheni. Salini Baba Yetu, kisha mwite mezani. Mpe yeye kalamu.

Nawatakia Dominika njema.