Saa 25,000 kwenye boksi la balbu: nani kazihesabu?

KAWETELE, Rungwe – Boksi la balbu ya LED limeandikwa saa 25,000. Kwa familia ya Kawetele inayowasha taa saa 1 usiku na kuzima saa 6, hiyo ni karibu miaka 14. Mtoto anayezaliwa leo angemaliza shule ya msingi balbu ikiwa ile ile. Mbona basi nyingine zinazima hata mwaka haujaisha?

Jibu linaanzia maabara. Kuwasha balbu saa 25,000 mfululizo ni zaidi ya siku 1,040, karibu miaka mitatu. Hakuna kiwanda kinachosubiri hivyo, maana aina hiyo ya balbu itakuwa imeshatoka sokoni. Kwa kipimo cha Marekani kiitwacho LM-80, chipu za LED huwashwa angalau saa 6,000, yaani siku 250, huku mwanga wake ukipimwa. Saa zinazobaki zinakadiriwa kwa hesabu iitwayo TM-21, ambayo haikubali makadirio yazidi mara sita ya muda uliopimwa.

Na “kuisha” kwenye hesabu hiyo sio kuzima. Mara nyingi chipu inahesabiwa imeisha mwanga wake ukishuka hadi asilimia 70 ya ule wa mwanzo.

Ila mnunuzi anapigwa chenga sehemu nyingine. LM-80 inapima chipu, sio balbu nzima. Kwenye kitako cha balbu kuna saketi inayobadili umeme wa TANESCO wa volti 230 ili uifae chipu. Saketi nyingi zina kapasita yenye kimiminika ndani, na joto linakikausha taratibu. Balbu ikifa mapema, mara nyingi saketi ndiyo imekufa na chipu bado nzima.

Kipimo cha balbu nzima kipo. Kiwango cha kimataifa IEC 62612 kinataka iwashwe sekunde 30 na kuzimwa sekunde 30, tena na tena. Ya saa 25,000 inatakiwa kuvumilia mara 12,500.

Kawetele ina bahati moja: baridi ya Tukuyu. LED haipendi joto. Lakini ukiifungia ndani ya globu isiyopitisha hewa, nafuu hiyo inapotea, kwa sababu joto la balbu yenyewe halina pa kutokea. Halafu kuna radi za masika, na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Vyote hivyo vinaipiga saketi.

Dukani, alama ya TBS ni ya kuangalia. Namba ya kusoma zaidi ya ile 25,000 ni ya garantii. Garantii ya mwaka mmoja, kwa saa tano kila usiku, ni saa 1,825. Muuzaji kajifunga kwa hizo tu, na bila risiti hata hizo ngumu kuzidai.