Ndege za Mabomu Zisingeizuia Vita ya Kagera

Miongoni mwa imani zilizoota mizizi kuhusu Vita ya Kagera ya 1978 na 1979, ipo isemayo kwamba Tanzania iliponzwa na uchache wa ndege, na kwamba laiti Jeshi la Anga lingekuwa na kikosi kimoja cha ndege za kupiga mbizi mwezi Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin wa Uganda yangesambaratishwa kwenye barabara ya Mutukula, mpakani, kabla hayajaufikia Mto Kagera. Ndege ya kupiga mbizi ni ile ambayo rubani huielekeza chini karibu wima, huachia bomu akiwa ameikaribia shabaha, kisha huinuka upesi. Iliyovuma kuliko zote ni Stuka ya Wajerumani katika Vita Kuu ya Pili. Imani hiyo ni potofu, nayo inawanyang'anya sifa ya ushindi watu walioulipia kwa miguu na damu yao.

Kuuliza mambo yangekuwaje si kosa. Historia mbadala, yaani uchunguzi wa njia ambayo matukio yangefuata iwapo sababu moja ingebadilishwa, ni zana halali ya fikra, ilimradi anayeibadilisha sababu hiyo abadilishe pia kila kinachoitegemeza. Ndege haiji peke yake: inahitaji rubani aliyefunzwa kwa miaka, mafundi, vipuri, mafuta, uwanja ulio karibu na, zaidi ya hayo yote, mawasiliano yanayowawezesha walio chini na walio juu kutambuana. Hapo ndipo hoja ya ndege inapovunjika, kwa sababu mwanzoni mwa vita hiyo ndege tatu za Tanzania, zikiwa njiani kwenda Mwanza, ziliangushwa juu ya Musoma na walinzi wa anga wa Tanzania yenyewe waliozidhania kuwa za adui. Jeshi lililoshindwa kuzitambua ndege zake lisingepata wokovu kwa kuongezewa ndege nyingine; lingeongezewa misiba.

Ushahidi mzito zaidi uko Kyaka. Mto Kagera, ambao hupita Ngara kwenye maporomoko ya Rusumo kabla ya kuelekea kaskazini na kisha mashariki hadi Ziwa Viktoria, ulikuwa na daraja moja kubwa hapo Kyaka, na Waganda walitaka livunjike ili Watanzania wasirudi ng'ambo. Walikuwa na ndege aina ya MiG, na shabaha yao ilikuwa daraja lisilosogea. Hata hivyo mabomu yao hayakuliangusha. Daraja lilivunjwa tarehe 3 Novemba 1978 na watu waliolifunga baruti. Wanaotamani Tanzania ingekuwa na ndege za mabomu wanasahau kwamba jaribio wanalolitamani lilikwisha kufanywa, tena mahali pale pale, na upande wa pili wa vita.

Wala udhaifu huo haukuwa wa marubani wa Uganda pekee. Tarehe 1 Septemba 1939, siku ya kwanza ya Vita Kuu ya Pili barani Ulaya, Stuka tatu zilitumwa Tczew, nchini Poland, zikate nyaya za baruti ili madaraja ya hapo yasivunjwe. Mabomu yalipiga vizuri, lakini Wapoland waliziunga upya nyaya na kuyalipua madaraja. Huko Vietnam, Marekani, dola yenye ndege kupita hesabu, ililishambulia daraja la Thanh Hoa kuanzia 1965, na halikuanguka mpaka 1972 yalipoletwa mabomu yanayoongozwa kwa mwali wa leza. Nchi maskini iliyokuwa imepata uhuru miaka 17 tu kabla ya vita ingefanyaje kwa ndege chache yale yaliyomshinda tajiri huyo kwa miaka saba?

Libya, iliyokuwa ikimsaidia Amin, nayo ilijaribu. Mwishoni mwa Machi 1979 ndege yake kubwa ya mabomu aina ya Tu-22 ilitumwa Mwanza kulipiga ghala la mafuta, ikalikosa, na mabomu yakaua wanyama katika hifadhi ya Kisiwa cha Saanane. Ni kweli kwamba Tanzania ilijibu kwa kushambulia maghala ya mafuta nchini Uganda, lakini wakati huo miji ya Uganda ya Masaka na Mbarara ilikwisha kutekwa tangu Februari.

Kilichoichelewesha Tanzania mwaka 1978 kilikuwa umbali. Mpakani palikuwa na askari wachache, brigedi ya karibu ilikuwa na makao Tabora, na mtu anayeitazama ramani akiwa Nyamigogo, upande wa Ngara na Biharamulo, anaona mara moja maana yake: barabara ya nchi kavu kutoka Kahama hadi Bukoba hupita Biharamulo, nayo ni ndefu, na wakati ule mvua ilipoigeuza tope, lori moja lililokwama liliweza kusimamisha msafara mzima. Ndege ya kupiga mbizi haibebi brigedi. Waliobeba vita ni madereva, mafundi wa madaraja waliowezesha mto kuvukwa tena mwezi Novemba, mgambo waliosaidia jeshi kupanuka kutoka watu wapatao 40,000 hadi zaidi ya 150,000, na wapiga mizinga ya maroketi ambayo Waganda waliiita Saba Saba. Hata uwanja wa ndege wa Entebbe, ngome ya jeshi la anga la Amin, ulianguka tarehe 7 Aprili 1979 mbele ya mizinga na askari wa miguu.

Walimu wa historia katika Mkoa wa Kagera, ambao zamani za vita uliitwa Ziwa Magharibi, waache kuwafundisha vijana kusikitikia ndege ambazo hazikuwapo. Wawatume kwa wazee wa Ngara, Biharamulo, Karagwe na Misenyi walioitwa mgambo au walioendesha malori, wayaandike maelezo yao kwa majina na tarehe, kwa kuwa aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 sasa amevuka 65.